Kizimba kilichoua mimea mitatu

Mpwa wangu ana miaka 16 na anaishi na mama yake Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Oktoba mwaka juzi alinunua kinyonga dume wa pembe tatu kwa fedha aliyoipata kwa kukata nyasi za majirani. Usiku mmoja wa Januari akanipigia simu. "Mjomba, samahani kwa kukusumbua saa hizi. Mmea wa tatu nao unakufa, na kinyonga habanduki wavuni. Kucha zimeanza kung'oka."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kazi yangu ni mimea ya ndani: nazunguka kwenye maofisi na hoteli namwagilia, napogoa, na kuondoa iliyochoka. Kufuga kinyonga sikuwa nimewahi. Huyu wa pembe tatu, lakini, namjua tangu utoto. Nililelewa Embu, na tulikuwa tukimkuta kwenye ua wa kayaba na juu ya mibuni ya baba. Bibi alitukataza kabisa kumgusa, kwa hiyo tulibaki kumtazama tu, na tulimtazama sana. Kwa muda mrefu niliamini kumtazama kule hakukuwa na faida yoyote.

Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu kijana hakuwa mzembe. Alikuwa na orodha ya mimea inayofaa kwa vinyonga, na mimea yote mitatu iliyokufa ilikuwemo kwenye orodha hiyo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Ni Trioceros jacksonii, wa namna inayoitwa xantholophus, yenye kishungi cha manjano, na kwao ni miteremko ya Mlima Kenya. Mwaka 1972 mfanyabiashara mmoja wa wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga hawa kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Wakapata nafuu kweli, wakatawanyika, wakazaana hadi leo wamejaa kwenye vichaka vya huko, na wengi wa wanaofugwa Marekani bara ni wa uzao wao. Nilimsimulia mpwa wangu habari hiyo siku ile ile, nikamwambia aishike: wale walikuwa mahututi, na kilichowaponya ni miti, mvua na usiku wa baridi.

(Ukiwa Kenya unasoma haya, kumbuka kinyonga ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali. Panda ua mnene, naye atakuja kukaa kwako mwenyewe.)

Kizimba nilikikuta kizuri. Ni cha wavu wa alumini, sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 120. Juu yake pana bomba la mionzi ya UVB na taa ya kuotea joto. Kinyunyizio kinachojiwasha chenyewe kinarusha ukungu asubuhi, adhuhuri na jioni. Usiku dirisha huachwa wazi kidogo, kwa kuwa kinyonga wa mlimani anahitaji baridi ya usiku ili apumzike. Kijana alikuwa akilenga nyuzi 13 hadi 16. Wafugaji wengi hukosea hapo, yeye hakukosea.

Mmea wa kwanza ulikuwa fikasi, Ficus benjamina, ile inayouzwa mashina matatu yamesukwa kama nywele. Alipouleta nyumbani ulianza kupukutisha majani kufikia siku ya tano, na wiki ya tatu akautupa. Nilisikitika kusikia hivyo. Fikasi ikihamishwa kutoka kitalu chenye joto na mwanga mwingi kwenda chumbani hupukutisha majani, ndiyo tabia yake, na mara nyingi huota mengine yaliyozoea mahali papya. Inataka miezi miwili au mitatu ya subira kwenye sehemu moja, bila kusogezwa. Yeye aliusogeza mara nne akiutafutia pahali bora.

Wa pili ulikuwa pothosi, Epipremnum aureum, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo unaouona kwenye kila benki na kila saluni. Sifa ya pothosi ni kwamba haufi. Huu ulikufa. Alikuwa ameuning'iniza juu ndani ya chungu cha urembo kisicho na tundu, na ukungu wa mara tatu kwa siku ukageuka dimbwi chini ya mizizi. Nilipokivuta chungu chenyewe kutoka pipani, udongo ulikuwa ukinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika.

Wa tatu, ulioniita, ulikuwa mnazi mdogo wa sebuleni, ule wa asili ya Meksiko na Guatemala. Ulikuwa bado umesimama, umejaa utitiri. Ukigeuza jani unaona vumbi jekundu linalotembea, na utando mwembamba kama wa buibui katikati ya vijani. Chumba chenye mashine ya joto inayokausha hewa kutwa nzima ndicho utitiri hukipenda. Dada yangu alikuwa ameshanunua chupa ya dawa ya wadudu, iko mezani, bado haijafunguliwa. Nashukuru haikufunguliwa.

Lakini hata mmea huo ungekuwa mzima, usingefaa, na ili kuelewa sababu niliomba kiti nikae mbele ya kizimba. Nilikaa kama saa mbili. Kijana aliniuliza nasubiri nini, nikamwambia nasubiri atembee.

Mguu wa kinyonga umegawanyika kama koleo. Vidole vitano vimefungwa mafungu mawili: mguu wa mbele una vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma una viwili ndani na vitatu nje. Koleo hiyo imeumbwa kuzunguka kijiti cha mviringo. Kwenye kitu bapa haina la kufanya. Nilimwona akishuka wavuni, akanyoosha mkono wa mbele hadi kwenye jani la mnazi, akalishika, akaanza kuhamishia uzito. Jani likainama mpaka likagusa sakafu ya kizimba. Akabaki hapo, miguu ya nyuma wavuni na ya mbele hewani, kisha polepole akarudi alikotoka. Alijaribu mara tatu katika zile saa mbili. Kila anaporudi wavuni, kucha hupenya kwenye matundu, na akivuta mguu, ukucha unabaki.

Kinyonga hupanda wavu kwa sababu nyingi, kwa hiyo tulizipima nyingine kwanza. Joto chini ya taa lilikuwa la kawaida. Kioo chumbani kilikuwepo, lakini pale alipo hakioni. Hakuna jike wala dume mwingine nyumbani. Macho yake yalikuwa wazi na anakula. Ilibaki sababu iliyokuwa mbele yetu tangu mwanzo: hakuwa na mahali pa kushika. Tulimpima akawa gramu 112, na ndani ya kizimba kizima hapakuwa na kitu hata kimoja chenye uhai kinachoweza kubeba gramu 112 bila kuinama.

Hapo ndipo orodha ilipomwangusha kijana. Orodha husema mmea upi hauna sumu kali na upi unavumilia kivuli. Kinyonga hana haja na jina la mmea. Anachotaka ni fito. Unene unaomfaa ni ule ambao vidole vyake vikizunguka, ncha zinakaribiana upande wa pili. Kwa dume huyu ni kijiti chenye unene wa penseli hadi kidole changu gumba. Fito ziwe nyingi, zilale kwa pembe tofauti, na kati ya moja na nyingine pasizidi urefu wa mkono wake. Mibuni ya baba ilikuwa hivyo hivyo. Matawi yake hutoka mawili mawili, yamelala, moja juu ya jingine kama ngazi, na kinyonga alikuwa akivuka kutoka mti hadi mti bila kugusa ardhi. Nilipokumbuka hilo nilijua natafuta nini.

Nilikuwa na la pili la kuchunguza kabla ya kuchagua. Niliacha kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini, kimeegemezwa kwenye chungu upande wa dirisha. Asubuhi kilisoma nyuzi 9. Kinyonga, akiwa juu na mbali kidogo, alikuwa kwenye 13. Mmea ulikuwa ukipigwa na upepo wa dirisha moja kwa moja. Mimea mingi ya ndani ni ya nchi za joto na hupata shida chini ya nyuzi 12 hivi. Basi huyu mnyama anahitaji usiku ambao nusu ya mimea ya kwenye orodha haiuwezi. Anayefuga kinyonga wa Yemen au wa Madagaska anaweza asilione jambo hili kabisa. Kwa huyu wa Mlima Kenya ndilo la kwanza. Tulikisogeza kizimba mita moja na nusu kutoka dirishani, na usiku uliofuata kipimajoto kikasoma 13 chini na 14 juu.

La tatu ni mwanga, na sitalikalia sana. Bomba la UVB ni la mifupa ya mnyama. Mmea hauishi kwa hilo. Wavu wa juu nao hukata theluthi ya mwanga, pengine zaidi. Na Tacoma mchana wa Desemba ni wa saa 8 na nusu, mwingi wake mawingu. Tuliongeza taa ya LED nyeupe ya mimea, inayowaka saa 12 kwa siku. Mimea mingi inayosemwa imeuawa na kinyonga imeuawa na giza.

Halafu kuna sumu. Hili nawasihi wenye wanyama wadogo walisome mara mbili. Mimea ya vitalu vikubwa mara nyingi imepewa dawa za wadudu zinazofyonzwa na mizizi, kama imidaklopridi. Dawa ya aina hii haikai juu ya jani. Iko ndani ya utomvu, na huweza kukaa humo kwa miezi. Kuosha majani kwa maji na sabuni huondoa vumbi na dawa ya juu, na ni lazima kufanya hivyo, lakini iliyo ndani haiguswi. Nyenje anayefugwa kwa ajili ya chakula huachiwa kizimbani, akikosa cha kula anatafuna jani, kisha kinyonga anamla nyenje. Ndiyo maana nilimwomba dada yangu airudishe dukani ile chupa, na ndiyo maana sikutaka tununue mmea mpya wiki ile.

Nilichofanya ni kwenda nyumbani kwangu kuchukua sheflera yangu mwenyewe. Ni Schefflera arboricola, ya asili ya Taiwan na Hainan, yenye vijani saba au nane vilivyopangwa kama mbavu za mwavuli. Nilikuwa nayo kwa miaka minne. Niliipata ikiwa kipandikizi, kwa hiyo najua kila kitu kilichowahi kumwagwa kwenye chungu chake, na dawa haimo. Katika misitu ya Mlima Kenya yenyewe kuna miti ya ukoo huu, mikubwa, inayoota kwenye ukungu. Sidai kwamba kinyonga anatambua undugu huo. Mimi ulinifurahisha.

Sababu za kuichagua zilikuwa hizi. Shina lake hukomaa likawa gumu kama mti, na vikonyo vya majani navyo vina nguvu ya kubeba mnyama mwepesi. Huvumilia nyuzi 10 usiku bila kulalamika. Husamehe ukisahau kumwagilia, na pia, ikiwa chungu kina tundu, husamehe maji ya ukungu. Majani yake ni magumu, yana nta, na tone la maji hukaa juu yake badala ya kutambaa na kupotea. Kwa kinyonga tone hilo ndilo bilauri: maji yaliyotulia bakulini hayatambui, hulamba yanayong'aa kwenye jani. Na kubwa kuliko yote, sheflera hupogoleka. Ukiiacha hukua fimbo moja ndefu isiyo na faida kwa mpanda miti. Ukiikata kileleni, juu kidogo ya pingili, huchipua matawi mawili hadi manne pembeni. Ukiyakata hayo nayo huchipua tena. Yangu nilikuwa nimeikata kila masika kwa ajili ya umbo tu, ikawa na matawi kumi na moja yenye unene wa penseli na zaidi. Dukani huipati ya namna hiyo. Huuziwa changa, imenyooka, nayo inahitaji mwaka mmoja wa kukatwakatwa kabla ya kuitwa ngazi.

Niseme pia kwamba sheflera na pothosi zote mbili huwasha kinywa zikitafunwa. Kinyonga wa pembe tatu hali majani, tofauti na yule wa Yemen, na wafugaji wamezitumia miaka mingi. Nyumba yenye paka au mtoto anayetambaa ni habari nyingine, afadhali zikae palipofungwa.

Tuliitoa kwenye chungu, tukakung'uta udongo wa zamani, tukapanda kwenye udongo mpya usio na mbolea ya punje wala zile chembe nyeupe za peraliti, ambazo mnyama anaweza kuzidhania mdudu. Juu ya udongo tukapanga mawe ya mtoni, kila moja kubwa kuliko kichwa chake, asiweze kumeza. Chungu kina matundu, kimekaa juu ya kimia, na chini ya kimia kuna trei inayomwagwa kila jioni. Kinyunyizio tulikipunguza: alfajiri kabla taa hazijawaka na jioni zinapozimika, ili mchana majani yakauke. Jani lililolowa kutwa huvuta kuvu, na kinyonga anayekaa majimaji kutwa huvuta ugonjwa wa mapafu.

Sheflera peke yake haikutosha. Kutoka juu ya mmea hadi chini ya taa palibaki sentimita 35 za hewa tupu, na kuingiza majani huko ni kuyaunguza. Tulikata matawi makavu ya mtufaha wa jirani, mti ambao mwenyewe alituhakikishia haujawahi kupigwa dawa, tukayasugua kwa maji ya moto, tukayakaza kwa skrubu kwenye fremu ya alumini. Moja lililala chini ya taa, mengine mawili yaliteremka hadi ndani ya sheflera. Ngazi ikawa nusu mfu, nusu hai. Wapo wanaopenda kizimba kiwe kijani kitupu kwa ajili ya picha. Mimi nasimama na yale matawi makavu, kwa sababu hayainami, hayafi, na mmea unapata nafasi ya kupumua.

Pothosi tuliirudisha, mche mwingine, safari hii kwenye chungu chenye tundu, kona ya nyuma, iwe pazia la kujifichia. Kijana alitaka sana haibiskasi kwa ajili ya ua jekundu. Niliona mapema kwamba baridi ya usiku itaishinda, lakini chumba ni chake na mnyama ni wake, tukaijaribu mwezi wa Machi nje ya kizimba. Ikaangusha vitumba vyote, ikavuta vidukari, akaitoa mwenyewe.

Siku ya kwanza kinyonga hakusogea. Nilirudi nyumbani nina wasiwasi. Siku ya tatu mpwa wangu akaniletea video ya dakika nne bila neno lolote: anatoka kwenye tawi la mtufaha, anashika kikonyo cha sheflera, kinayumba kidogo, anakikaza, anaupeleka mguu wa pili, mkia unajifunga kwenye tawi la nyuma, halafu anazama ndani ya majani hadi haonekani. Niliitazama mara nyingi nikiwa kwenye gari nje ya kazi.

Tangu Aprili hapandi wavu ila mara chache jioni. Kati ya kucha tatu zilizong'oka, mbili zimeota. Ya tatu haikuota, daktari wa mifugo alisema mzizi wake ulikuwa umeumia, naye amejifunza kushika na vidole vilivyobaki. Sheflera nayo imelipa gharama. Tawi alilolifanya njia yake ya kila siku lilipasuka kwenye kiungo mwezi wa Juni, tukalifunga gango la kijiti na kamba ya mkonge, likashika. Majani ya chini, upande usiofikiwa na taa, yamekwisha, na mmea unaanza kurefuka kutafuta mwanga. Mmea wowote ukikaa humo mwaka mzima utachoka, hata huu.

Kwa hiyo tunaandaa wa pili. Vichwa nilivyopogoa Januari tulivitia kwenye glasi ya maji dirishani jikoni kwa dada yangu, vinne. Kimoja kilioza. Vitatu vilitoa mizizi, vipo kwenye vyungu, na kijana ameshakata kilele cha kile kirefu zaidi, kwa mkono wake, juu kidogo ya pingili kama nilivyomwonyesha. Vikifika kimo cha kutosha vitapokezana na mama yao, wiki sita ndani, wiki sita dirishani kupumzika. Jumapili alinipigia tena. "Mjomba, kile nilichokikata kimetoa macho matatu. Niyaache yote, ama nibakize mawili?"

Nimemwambia ayaache yote matatu.